Viti Sita Ndani ya Bubu

Mto wetu unaitwa Bubu, na haujawahi kulikana jina.
Tangu Juni hausemi neno:
mchanga, nyayo za mbuzi,
na visima vya kuchimba kwa kata
ambavyo Mama Mbeleje huvifunika miiba kila jioni.

Humo ndimo tulimobeba viti.
Sita, vyeupe, vya plastiki, vya kukodi,
kwa sababu Chilewa alisema mtumbwi hauulizi cheo,
unauliza kilo,
na haiwezekani tufike Malawi, mbele ya wenye mto wao,
ndipo tuanze kugombea nani akae wapi.

Mizani tulikuwa nayo, ya mashine ya mpunga.
Tukapimana.
Sechelela: gunia moja na debe.
Ndahani: gunia kasoro madebe mawili, pamoja na viatu.
Masinga alikataa kupanda, akapanda, akashuka kabla sijasoma.
Unga wa uwele wa Chilewa, kilo ishirini,
umeandikwa kama abiria,
maana bila huo halali, na asipolala yeye halali mtu.

Mimi katibu. Nimeandika hivi:
Mto Shire, kushuka kutoka Liwonde, siku tano,
mitumbwi miwili, watatu watatu.
Lechipya mbele, ana macho ya kumwona kiboko
kabla kiboko hajaamua.
Kila mtu laki nne na themanini,
humo mna basi hadi Kasumulu, mhuri, jaketi okozi.
Anayejua kuogelea anyooshe mkono.
Ukanyanyuka mmoja, nusu,
wa Ndahani, aliyefundishwa Mtera akiwa jeshini,
siku mbili, akaugua.

Tukakaa. Viti vikazama mchangani hadi magotini mwao.
Tukashika koleo za kuanikia mpunga
na Lechipya akahesabu: kushoto, kulia, kushoto,
nasi tukauvuta mchanga nyuma yetu kwa bidii
mpaka Bubu ukawa na mikunjo kama shuka la mgonjwa.
Vijana wa ng'ombe wakasimama ukingoni.
Mmoja akauliza nauli.

Mkwe wangu naye aliuliza, sikuwa na jibu.
Mnakwenda kuvua? Hapana.
Kuhubiri? Kununua nini?
Nikalileta swali kikaoni, chini ya Mengineyo.
Masinga akasema, ndiyo, hata yeye, nini hasa,
na kwa nini isisubiri mavuno.
Alishatoa hela yake, akairudisha, akaitoa tena.

Sechelela hakuacha kupiga kasia.
Alisema miaka ishirini na nane amepanda mpunga Bahi
kwa maji ya kuvizia,
maji yanayokuja usiku kama mdai
na kuondoka na mbuzi wa watu.
Tena hayaendi mbali. Yanaingia mbugani hapo,
yanakaa, yanapungua, yanakuwa chumvi.
"Sijawahi kuona maji yenye pa kwenda," alisema.
"Nataka niyakalie. Siku tano tu.
Yanipeleke yanakokwenda wenyewe."

Sikujua niandike vipi.
Niliandika: Hoja imepita.

Viti tuliviacha, tungerudia asubuhi.
Kumbe Kondoa kulinyesha.
Hapa hapakudondoka hata tone, nyota zilikuwa zote,
na saa tisa usiku Bubu ukafungua kinywa.
Kila nyumba ilisikia. Hakuna aliyetoka.

Kulipokucha, vitano tulivikuta vimenasa
kwenye miiba ya Mama Mbeleje, miguu juu.
Cha sita, cha mbele, cha Lechipya, hakipo.
Masinga ndiye aliyecheka wa kwanza,
akaingiza mkono mfukoni, akanipa laki nne na themanini,
zimelowa jasho, nikazihesabu mara mbili.

Muhtasari unasomeka:
kiti kimoja, cheupe, kimetangulia.
Hakina pasi, hakina jaketi,
na kwa njia ile hakitavuka Bahi.
Mwenye viti anatudai elfu kumi na mbili.